Kosa Tulilolifanyia Mazoezi

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuanzia. Tangazo lilisema hivyo kwa herufi nene, na mstari wa chini yake ukadai mtu mwenye uzoefu wa kutosha. Wifi yangu, mke wa kaka yangu, alilisoma kwa sauti jikoni huku akimenya viazi, akasema hawa watu wanatafuta bibi harusi mwenye wajukuu. Tulicheka mpaka kaka akaja kuuliza kuna nini. Halafu tukafuta mikono, tukaiomba kazi hiyo sote wawili.

Nilikuwa nikiishi kwao tangu kituo cha simu nilichokuwa nikifanyia kazi kilipofungwa. Pale nilikuwa nalipwa kupokea simu za wateja waliokasirika na kuwaambia samahani. Kwa kaka nililala chumba cha mtoto wao, na kila siku niliondoa midoli kitandani kabla ya kujilaza. Hakuna aliyenisimanga. Kaka ni mpole, na wifi alinitania tu kama mawifi wanavyotaniana: eti nakoroma, eti nimekuja kumkagulia sukari yake, eti nitaolewa lini niwaachie chumba. Lakini mtu mzima anayelala chini ya pazia lenye picha za sungura anajua mwenyewe anachokitaka. Nilitaka kazi ile ili nipange chumba changu na nifunge mlango wangu kwa ndani. Kampuni ilikuwa kubwa, jengo lake la vioo, na masharti yake yalikuwa wazi: ukishindwa usaili, hurudi kuomba mpaka wasahau sura yako. Umri wangu haukuwa tayari kusubiri wasahau.

Wifi aliitaka vilevile. Aliacha ukarani alipojifungua, na aliporudi akakuta kiti chake kina mtu. Tulisoma kuandika programu pamoja, kozi ya jioni, kompyuta moja kwa zamu, mmoja akipika mwingine akibonyeza. Kwa kweli yeye alinizidi. Mimi nilikuwa na bidii ya kuogopa. Yeye alikuwa anapenda.

Sasa, usaili wa kazi hizi una kanuni zake, na inabidi nizieleze, maana bila hizo hutaelewa tulichojifanyia. Unasimamishwa mbele ya ubao mweupe, unapewa swali, kisha unatakiwa kufikiri kwa sauti ili msaili asikie akili yako inavyotembea. Maswali yenyewe si mengi. Yanazunguka, kila mtu ameshayafanya nyumbani, na kila msaili anajua kwamba kila mtu ameshayafanya. Ila ukijibu papo hapo utaonekana umekariri. Kwa hiyo watu hujitia hamnazo. Unakuna kichwa. Unaanza na njia ndefu. Unafanya kosa dogo, halafu unalishtukia mwenyewe, maana wasaili, ndivyo tulivyosikia, humpenda mtu anayejikamata. Tulikaa jikoni miezi na miezi tukifanya mazoezi ya kutojua tunachokijua. Sijawahi kufanya kazi ya kuchosha kama hiyo, na nimewahi kutukanwa kwa simu kuanzia asubuhi hadi jioni.

Swali tulilolipenda lilikuwa la jozi. Una rundo la namba, utafute mbili ambazo ukizijumlisha unapata kumi. Wifi aliligeuza kuwa shughuli ya kuposa. Tatu anamtafuta saba, nne anamtafuta sita, na programu yako ndiyo mshenga. Mshenga mjinga humpeleka kila mmoja kwa kila mmoja, kutwa nzima. Mshenga mwerevu anakumbuka aliowapita, kwa hiyo akikutana na saba anajua tatu yuko wapi. Kosa letu la kupanga lilikuwa kwa tano. Tano anamtafuta tano mwenzake, na kama kwenye rundo yuko peke yake, mshenga asiye makini atamrudia yeye mwenyewe na kumhesabu mara mbili. Hapo ndipo wifi alipokuwa akisimama mbele ya friji, kijiko mkononi badala ya kalamu, anajipiga paji la uso na kusema, "La! Hapa nimemwoza tano kwa nafsi yake!"

Nilicheka kila mara. Utani ule ulikuwa wake, na tulikubaliana ubaki wake. Mimi nilikuwa na maneno yangu, makavu: "Ngoja, hapa naona namba moja inatumika mara mbili." Tuliitwa siku moja, yeye asubuhi, mimi mchana. Tulisaini sote kwamba hatutatoa swali lolote nje ya chumba, na wifi ana ubaya wake lakini akisaini amesaini. Alipotoka alinitumia ujumbe mmoja tu: "Nimemaliza. Nenda kwa amani wifi, na usikorome mbele za watu." Hakuniambia zaidi ya hapo.

Mapokezi walinivalisha beji yenye neno MGENI na kunikalisha kwenye kochi la chini sana, lile ambalo ukitaka kuinuka lazima ujishike magoti. Vijana walioketi nami walikuwa na ngozi ya watu wanaolala vizuri. Mmoja alikuwa akinong'onezea viatu vyake. Kwenye chumba cha kwanza, mama mmoja wa rasilimali watu aliniomba nimsimulie siku niliyotofautiana na mwenzangu kazini na tulivyosuluhisha. Kisa hicho nimekisimulia kwenye kampuni nyingi, kikazidi kuwa kizuri kila mara, mpaka siku hiyo nilijisikia nikikieleza huku nikijiuliza kama kiliwahi kutokea. Mama yule aliandika kitu, akatabasamu, akanipeleka chumba cha pili.

Chumba cha pili kilikuwa kidogo, kina ubao, meza, na mhandisi. Macho yake yalikuwa mekundu ya kukodolea kioo cha kompyuta. Chai yake ilikuwa imepoa mpaka juu yake pametanda utando, na bado aliinywa. Nilimpenda kwa hilo. Nilihisi nimekutana na mchovu mwenzangu.

"Karibu. Samahani, leo tumewasaili wengi," alisema. "Swali langu ni rahisi. Tuna rundo la namba..."

Nilijua kabla hajamaliza. Moyo ulinipasuka kwa furaha, halafu uchovu ukaja juu yake kama blanketi bichi, kwa sababu sasa ilibidi nianze kuigiza. Nikakuna kichwa. Nikauliza kama namba zinaweza kujirudia. Nikaandika njia ndefu, nikaguna, nikasema nadhani kuna njia fupi, nikaiandika. Kalamu ilikuwa imekauka, akanipa nyingine. Nilikuwa nikijiona kwa mbali, mwanamke mwenye beji ya mgeni akijifanya anagundua kitu alichokigundua mbele ya friji zaidi ya mara anazoweza kukumbuka. Nikafika kwa tano. Nikaliandika kosa. Nikasimama, nikajipiga paji la uso, na kichwa changu, ambacho kwa wakati huo kilikuwa kimeshaondoka kwenda kulala, kikauachia mdomo ufanye utakavyo.

"La! Hapa nimemwoza tano kwa nafsi yake!"

Mhandisi aliweka kikombe chini.

"Umesemaje?"

Nilirudia, kwa sauti ndogo. Tayari nilikuwa nimeelewa.

"Kuna mtu amenichekesha kwa maneno hayo leo asubuhi," alisema. "Kwenye ubao huu huu. Akajipiga hapa." Aligusa paji la uso wake. Hakuwa na hasira, na hilo liliniogopesha zaidi. "Unajua sheria. Kama amekupa swali, nyote wawili mnatoka, na majina yenu hayarudi tena hapa. Sasa niambie ni nini, maana mimi sitaki kubuni."

Nikamwambia ni wifi yangu. Nikamwambia hajanipa swali, naapa, ujumbe wake huu hapa, soma mwenyewe. Akausoma, akaguna kidogo pale kwenye kukoroma. Nikamwambia swali hili tumelifanya nyumbani muda mrefu, kama kila mtu anayeketi kwenye lile kochi lenu la chini anavyolifanya. Utani ni wa wifi, umeniponyoka.

"Na kosa?" aliuliza.

"Kosa gani?"

"Hili la tano. Umelikosea kweli?"

Hapa ndipo nilipochoka kabisa. Siwezi kulieleza vizuri zaidi ya hivyo. Niliutazama ubao, mwandiko wangu umepinda kama wa mtoto, nikaona siwezi kuigiza hata dakika moja zaidi.

"Hapana," nikasema. "Tulilipanga. Watu wanasema mnampenda mtu anayejikamata."

Alicheka, kicheko cha kweli, akajifuta macho. Nikacheka pia. Niliona mzigo umenitoka kifuani, na mtu anayetuliwa mzigo anakuwa mwepesi, hata wa mdomo.

"Na yeye vilevile?" akauliza akiwa bado anatabasamu.

"Na yeye vilevile."

Ndipo alipofungua kompyuta yake. Alisoma kitu, tabasamu likamwisha taratibu. "Nilimwandikia vizuri sana," alisema. "Unajua nilimsifia nini? Nimeandika kwamba anajikamata mwenyewe bila kusukumwa. Ndicho nilichokiona, na ndicho kilichompa alama." Akaanza kubonyeza.

"Subiri," nikasema. "Unafanya nini?"

"Narekebisha. Nimeshajua, siwezi kujifanya sijui."

"Mwite tena. Mpe swali jingine. Ananizidi mimi, nakuambia kweli, yeye ndiye aliyenifundisha nusu ya haya."

"Nafasi yake imepita, watu wa ratiba hawatanielewa." Alisema bila kunitazama. "Wewe bado una muda. Futa ubao."

Ningeweza kutoka. Nimeufikiria mlango ule mara nyingi tangu siku hiyo, ulikuwa karibu, hata haukuwa umefungwa vizuri. Nilifuta ubao.

Swali alilonipa halikuwa la kwenye mazoezi. Alisema kuna kitu kinawasumbua wao wenyewe wiki hiyo: mteja anatuma ombi moja, na baadhi ya siku mfumo unalipokea mara mbili. Si kila siku, si kila mteja. Ningeanzia wapi kutafuta? Sheria ni kusema unachofikiri, lakini mimi nikifikiri kweli huwa sisemi, na hapo nikagundua kwamba katika mazoezi yote yale nilikuwa sijawahi kufikiri hata mara moja. Nikauliza maswali machache. Nikasema labda mteja anabonyeza tena akiona kimya, akasema waliangalia, sio hilo. Nikasema labda ombi linaposhindwa njiani mfumo wenyewe unalituma upya. Akaandika. Nikafikiri tena, muda mrefu, mpaka nikasikia mashine ya hewa inavyounguruma ukutani.

"Sijui," nikasema mwishoni. "Ningeanza kwa kuangalia yale maombi yaliyojirudia yanafanana nini. Zaidi ya hapo sijui."

"Hata sisi bado hatujui," alisema, na akanipa mkono.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, njia yote, nikipita maduka yanayofunga milango na watu waliobeba mifuko ya jioni. Nilijipa matumaini ya kila aina. Labda atamwonea huruma. Labda wakubwa zake hawasomi. Nilifikiria kunyamaza, na naona aibu kusema kwamba nililifikiria kwa makini, nikipima kama inawezekana.

Wifi alinifungulia mlango kabla sijagonga. Alikuwa bado amevaa blauzi ya usaili, mtoto amelala begani kwake. "Niambie!" alisema. "Mimi nimemmaliza yule baba mwenye macho mekundu. Alicheka mpaka akamwaga chai. Wewe ulimpata nani? Mbona umenuna, umekoroma nini?"

Nilimwomba amlaze mtoto kwanza. Alinitazama, akaenda, akarudi. Tulikaa kwenye meza ile ile ya jikoni. Nikamweleza yote, tangu utani uliponiponyoka mpaka mkono alionipa. Sikuruka kitu. Alisikiliza huku akikusanya punje za chumvi kwa kidole, akizipanga pembeni.

"Utani wangu," alisema nilipomaliza.

"Uliniponyoka. Nilikuwa nimechoka, wifi."

"Utani nakusamehe. Mdomo ni mdomo." Akaendelea na chumvi yake. "Akakuuliza kosa lako ni la kweli. Ukasema la kupanga. Sawa, ukweli wako huo, umeusema, umetua. Halafu akakuuliza langu."

"Aliniuliza, ndiyo."

"Ulikuwepo kwenye kile chumba asubuhi?"

"Sikuwepo."

"Basi ulijuaje nimeigiza?"

Nilijua kwa sababu tulikuwa tumelifanya pamoja mbele ya friji, na yeye alijua kwamba najua. Lakini nilielewa anachosema.

"Leo asubuhi nilitetemeka," alisema. "Niliposimama pale kila kitu kilinitoka. Nilisahau mpangilio wote. Lile la tano nililikosea kweli, wifi. Nikaliona, nikashtuka, na kwa kushtuka ndipo nikasema vile. Nilitoka pale nikicheka peke yangu, kwamba tumehangaika kulipanga na limekuja lenyewe."

Nilihisi meza imenihama chini ya mikono.

"Nitarudi kesho," nikasema. "Nitamwambia. Nitampigia hata sasa hivi."

"Umwambie nini? Kwamba ulikosea kusema kwamba sikukosea?" Alijaribu kucheka, kicheko kikamkwama. "Nani atatuamini sisi wawili? Sisi si ndio tunaopanga makosa." Alifagia chumvi kwa kiganja, akaitupa kwenye sinki. "Ungesema hujui. Neno moja tu. Mtu anayejua namna ya kujifanya hajui kama wewe."

Niliandika barua pepe usiku ule, ndefu, nikaifupisha, nikaituma. Asubuhi ilikuja shukrani ya mashine kwamba ujumbe wangu umepokelewa. Nilipiga simu mapokezi, wakanipeleka kwa mtu, mtu akanipeleka kwa mtu, na wa mwisho akaniambia samahani kwa sauti niliyoifahamu vizuri sana, ile niliyokuwa nikilipwa kuitoa.

Majibu yalikuja wakati mmoja, tukiwa tunakunywa chai, simu mbili zikatetemeka mezani pamoja. Yake ilimshukuru kwa muda wake. Yangu ilianza na neno hongera. Niliisoma na sikuweza kumtazama. Kaka alininyang'anya simu, akaisoma kwa sauti, akaruka, akamwinua mtoto juu mpaka akakaribia kugonga taa. Halafu akakumbuka, akamgeukia mkewe kwa uso wa huruma. Wifi alikuwa hajamwambia kitu. Mpaka leo hajamwambia.

Aliinuka, akafuta mikono kwenye khanga yake ingawa ilikuwa mikavu, akanijia na kunishika bega kwa adabu.

"Hongera, dada," alisema. "Mungu akusimamie katika kazi yako."

Hajawahi kuniita dada. Dada ni jina la mtu unayempisha mlangoni. Nilisubiri aongeze kitu, chochote, kuhusu kukoroma, kuhusu chumba, eti sasa hatimaye nitawahama. Hakuongeza. Alinimiminia chai, akaniuliza kama sukari inatosha, akanisogezea sahani kwa mikono miwili.

"Ona!" kaka alisema, anacheka kwa furaha ya kweli, ananitazama mimi kisha yeye. "Hatimaye mmekua. Leo hakuna anayemtania mwenzake."

Nikamwambia wifi sukari inatosha.